Mwanasesere wa zamani, sura mpya

Mwanasesere aliyechakaa si lazima aishie jalalani. Huko Tasmania, Australia, Sonia Singh alichukua wanasesere wa mitumba, wengi wao aina ya Bratz, akawafuta rangi nzito za macho na midomo, kisha akawachorea sura za watoto wa kawaida. Mama yake aliwafumia sweta. Mwaka 2015 picha zao zilisambaa mtandaoni na kuwagusa wazazi wengi.

Nyumbani, anzeni na nguo. Omba vipande vya kitenge kwa fundi cherehani, tafuta sindano na uzi. Mtoto atajifunza kupima, kukata, na kufumua mshono uliopinda ili aanze upya.

Kufuta sura ni kazi ya mtu mzima. Dawa ya kuondoa rangi ya kucha yenye asetoni hushika moto haraka, na mvuke wake huumiza kichwa. Fungua madirisha, kaa mbali na jiko. Shanga na vifungo visimfikie mtoto wa chini ya miaka 3, vinaweza kumkaba.

Kabla ya kuchora, muulize mwanao angependa mwanasesere afanane na nani. Jibu lake linaweza kukuonyesha anavyojiona mwenyewe.