Kambi za hifadhi Marekani: nafasi haziongezeki, faida inakwenda wapi?

KATIKA soko la kawaida bidhaa ikigombewa bei hupanda, na bei ikipanda wauzaji wapya hujitokeza. Soko la nafasi za kulala na gari-nyumba ndani ya hifadhi za taifa za Marekani haliendi hivyo. Bei hupangwa au kuidhinishwa na serikali, na nafasi zimeongezeka kidogo mno kwa miongo kadhaa. Kwa upande wa pili, chama cha wenye viwanda vya magari hayo, RVIA, kilikadiria mwaka 2021 kwamba kaya zaidi ya milioni 11 nchini humo zinamiliki gari la aina hiyo.

Mwekezaji mdogo anayefuatilia soko la hisa la New York hukutana mara kwa mara na majina kama Thor, Winnebago na Camping World. Ni rahisi kudhani kwamba hifadhi zikijaa wageni, kampuni hizo nazo zinajaa fedha. Uhusiano upo, lakini si wa moja kwa moja, na aliyenunua hisa kwa kuhesabu wageni langoni tu amekwishapata hasara zaidi ya mara moja.

Kwanza bidhaa yenyewe. Gari-nyumba ni gari lenye vitanda, jiko, choo na matangi ya maji ndani yake. Aina ya pili ni tela la kulala, linalovutwa na pikapu. Matela makubwa hufungwa katikati ya bodi ya pikapu, na urefu wa gari na tela kwa pamoja waweza kupita futi 50. Mwenye chombo kama hicho anahitaji vitu vitatu akifika kambini: umeme, maji safi, na tundu la kumwagia maji machafu. Asipovipata ataishi kwa betri na jenereta, ambayo hifadhi humruhusu kuiwasha kwa saa maalumu tu, na baada ya siku chache atalazimika kuondoka kwenda kumwaga tangi la choo.

Sasa, kwa nini nafasi ni chache? Jibu linaanzia mwaka 1932. Mtaalamu wa magonjwa ya mimea wa serikali, E. P. Meinecke, alikuwa ameona magari ya watalii yakikanyaga mizizi na kuua miti katika kambi za California. Alipendekeza kambi zichorwe upya: barabara ya mzunguko inayokwenda upande mmoja, na pembeni mwake vichochoro vifupi, kila familia na chake, gari likae humo na lisitoke nje ya mstari. Mpango huo ulikubaliwa nchi nzima. Kambi nyingine nyingi zilijengwa katika mradi wa serikali ulioitwa Mission 66, kati ya 1956 na 1966, kwa mchoro ule ule. Kichochoro kilipimwa kwa gari la enzi hizo na hema, au tela dogo.

Magari yakaendelea kurefuka, vichochoro vikabaki. Katika kambi ya Mather, ukingo wa kusini wa Grand Canyon, mwisho ni futi 30. Upper Pines ndani ya Yosemite hupokea gari-nyumba la futi 35 lakini tela la futi 24 tu, na kambi za hifadhi hiyo hazina hata nafasi moja yenye umeme, maji na maji taka. Huko Glacier, barabara maarufu ya Going-to-the-Sun, iliyofunguliwa mwaka 1933, haipitishi katika sehemu yake ya mlimani chombo kinachozidi futi 21. Kurefusha kichochoro maana yake ni kukata miti, na kazi ya kisheria ya idara ya hifadhi ni kuilinda miti hiyo.

Nafasi zenye huduma zote zipo, ila za kuhesabika. Yellowstone ilipata ziara zaidi ya milioni 4.8 mwaka 2021. Ina kambi 12 zenye nafasi zaidi ya 2,000, lakini kambi yenye umeme, maji na tundu la maji taka ni moja tu, Fishing Bridge, yenye nafasi zaidi kidogo ya 300. Hapo hapokelewi mwenye hema wala mwenye tela la turubai, kwa sababu eneo hilo ni la dubu. Grand Canyon ina Trailer Village, ambako gari la futi 50 huingia upande mmoja na kutokea wa pili bila kurudi nyuma.

Tukija kwenye bei ndipo mfanyabiashara wa kwetu atakaposhangaa. Mwaka 2024 nafasi moja Upper Pines ilitozwa dola 36 kwa usiku. Hiyo ni bei ya nafasi, si ya mtu, na nafasi moja inaruhusiwa watu sita: dola sita kwa kichwa. Hapa kwetu hesabu ni ya kichwa. Kwa viwango vya TANAPA vya 2023/24, mgeni mtu mzima asiye raia alilipa dola 30 kabla ya kodi kulala katika kambi ya umma, mbali na kiingilio. Watu sita ni dola 180. Kisha Mmarekani mwenye umri wa miaka 62 au zaidi ana haki ya kununua kadi ya wazee kwa dola 80, mara moja kwa maisha yake yote (hadi Agosti 2017 ilikuwa dola 10), na kadi hiyo humpunguzia nusu ya malipo katika kambi nyingi zinazoendeshwa na serikali. Wastaafu ni miongoni mwa wateja wakubwa wa magari-nyumba. Kwa hiyo nafasi inayogombewa kuliko zote nchini, katika msimu wa kiangazi, huenda kwa mzee anayelipa dola 18.

Bidhaa adimu inapouzwa chini ya thamani yake, foleni huchukua kazi ya bei. Wasomaji wanaokumbuka sukari na sabuni za miaka ya mwanzo ya 1980 hawahitaji somo hapo. Nafasi za Yosemite kwa msimu wenye wageni wengi hufunguliwa miezi mitano kabla, tarehe 15, saa moja asubuhi kwa saa za California, na huisha kwa dakika. Ili kubana walanguzi, aliyeandikishwa jina ni lazima afike mwenyewe na kitambulisho. Mtandao wa serikali wa kuweka nafasi, Recreation.gov, unaendeshwa na kampuni ya Booz Allen Hamilton, ambayo hisa zake zinauzwa New York. Kampuni hiyo hulipwa kwa kila muamala. Mtalii asipokwenda safari, nauli ya foleni imekwishalipwa.

Mwaka 2019 kamati ya ushauri ya Wizara ya Mambo ya Ndani, ambayo huko ndiyo yenye dhamana ya ardhi na hifadhi, ilipendekeza makampuni binafsi yapewe nafasi kubwa zaidi ya kuendesha na kuboresha kambi, intaneti iletwe, na punguzo la wazee lisimame katika vipindi vya wageni wengi. Kelele zilikuwa kubwa na kamati ilivunjwa Novemba mwaka huo huo. Kwa maoni ya mwandishi huyu, ubinafsishaji wa kambi utabaki mgumu maadamu wanaonufaika na bei ya chini ni wastaafu, watu ambao hawakosi kupiga kura.

Hata hivyo makampuni binafsi yamo ndani ya hifadhi kwa njia ya zabuni. Fishing Bridge inaendeshwa na Xanterra, Trailer Village na Delaware North. Kambi hizi hutoza zaidi, kwa kuwa sheria inaitaka idara ya hifadhi iidhinishe bei zinazolingana na za huduma kama hizo nje ya lango. Mwekezaji mdogo asianze kutafuta hisa zake: kampuni zote mbili ni mali ya watu binafsi na haziuzwi sokoni. Inayouzwa ni Aramark, mwenye huduma za Yosemite, na kisa chake kinafaa kusomwa na kila anayedhani zabuni ya serikali ni mgodi.

Chini ya sheria ya 1965, mwenye mkataba alikuwa na upendeleo wa kuongezewa muda, ukiritimba wa wazi. Sheria ya 1998 iliuondoa upendeleo huo kwa makampuni makubwa na kuweka mikataba ya kawaida ya miaka 10, isiyozidi 20. Mwaka 2015 Delaware North, iliyokuwa Yosemite tangu 1993, ilipoteza zabuni kwa Aramark. Ikadai kwamba majina ya hoteli, ikiwemo Ahwahnee, ni mali yake iliyosajiliwa, na kwamba majina na mali nyingine zisizoshikika zina thamani ya dola milioni 51. Hoteli zilibandikwa majina mengine Machi 2016. Shauri lilimalizwa Julai 2019 kwa dola milioni 12, na zaidi ya milioni 8 kati ya hizo zililipwa na Aramark. Mshindi wa zabuni alinunua majina ya vitu alivyokuwa akiviendesha tayari.

Upo mtego mwingine usioonekana kwa mtalii. Mwenye mkataba akijenga ndani ya hifadhi kwa kibali, anapata haki ya kufidiwa mkataba ukiisha, na anayemrithi au hifadhi yenyewe ndiye hulipa. Huko Grand Canyon deni hilo kwa Xanterra lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2014 idara ya hifadhi ilikusanya takriban dola milioni 100, nyingi kutoka hifadhi nyingine, ili kulipunguza na kuwawezesha wazabuni wengine kushindana. Ukifahamu hilo, utaelewa kwa nini hifadhi haikimbilii kumruhusu kila mwenye mtaji achimbe mitaro ya maji taka na kusambaza umeme.

Kwa hiyo mahitaji yanamwagikia nje ya lango, katika miji kama West Yellowstone, Tusayan na Springdale. Kampuni ya KOA ilizaliwa hivyo mwaka 1962 huko Billings, Montana, wenye ardhi kando ya barabara walipoona misafara ikielekea kwenye maonyesho ya dunia ya Seattle. KOA nayo haiuzwi sokoni, lakini Sun Communities na Equity LifeStyle Properties, zenye viwanja vingi vya namna hiyo, zimeandikishwa New York tangu 1993. Hawa ni wapangishaji wa ardhi. Wana umeme, wana maji, hawana mzee wa dola 18, na hifadhi ikijaa bei ni yao kupanga. Kati ya mlolongo mzima, hapa ndipo uhaba wa ndani ya hifadhi unapogeuka kuwa mapato yanayoweza kutabirika.

Watengenezaji ni habari tofauti. Sehemu kubwa ya magari-nyumba hutoka Elkhart, jimbo la Indiana, na mji huo hupanda na kushuka na riba. Viwanda vilisafirisha magari na matela 390,500 mwaka 2006 na 165,700 tu mwaka 2009. Rais Barack Obama alikwenda huko Februari 2009, wiki tatu baada ya kuapishwa, ukosefu wa ajira ukiwa umepita asilimia 15. Maradhi ya Covid-19 yalipofunga hoteli na ndege mambo yaligeuka: 2021 ilivunja rekodi kwa magari 600,240. Mwaka 2022 yakawa 493,268, na mwaka 2023 yakaporomoka hadi 313,174, riba ya benki kuu ikiwa imepanda kutoka karibu sifuri hadi juu ya asilimia 5. Mauzo ya Thor yalitoka dola bilioni 16.3 katika mwaka wake wa fedha wa 2022 hadi bilioni 10 mwaka 2024.

Tazama sasa upande wa hifadhi: mwaka 2024 zilipata ziara karibu milioni 332, rekodi mpya. Viwanda vilikuwa mbali na kilele cha 2021 wakati malango yana foleni. Mtalii anaweza kulitumia gari alilonunua 2021 kwa miaka mingi bila Thor kupata senti moja. Tena takwimu zinazotolewa na RVIA kila mwezi ni za magari yaliyotoka kiwandani kwenda kwa wauzaji, si yaliyofika kwa mtumiaji. Sehemu ya magari ya 2021 ilikuwa inajaza yadi zilizokauka, na yadi zilipojaa wauzaji wakabaki wakilipia riba ya bidhaa iliyosimama. Anayesoma takwimu hizo aulize kwanza yadi zina nini.

Kwa anayefikiria kukodi au kununua gari lenyewe badala ya hisa, urefu na upana ni sehemu ya bei. Makampuni ya kukodisha kama Cruise America hayaweki magari ya futi 40. Makubwa yake ni ya futi 30, yanayoingia Mather. Wageni wa nje wanaokodi waongeze pia hesabu nyingine: tangu 1 Januari 2026, asiye mkazi wa Marekani anatozwa dola 100 za ziada kwa kichwa katika hifadhi 11 zenye wageni wengi, au anunue kadi ya mwaka kwa dola 250. Bei mbili kwa mwenyeji na mgeni ni jambo ambalo Arusha na Nairobi wamelizoea. Kwa Marekani ni geni.

Huko Zion, handaki la barabara lililofunguliwa mwaka 1930 liliruhusu magari mapana kupita katikati kwa kusimamisha yanayotoka upande wa pili, kwa ada ya dola 15. Kanuni iliyotangazwa 2025 inakomesha utaratibu huo kuanzia Juni 2026. Kipimo cha upana ni futi 7 na inchi 10, na magari-nyumba mengi makubwa yana futi 8 au zaidi. Hayo yatazunguka kwa barabara za nje ya hifadhi, na mafuta ya mzunguko huo ni juu ya mwenye gari.