Moto inapolala kona

Karibu na sanamu ya chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, mjini Goma, inama utazame tairi la nyuma la pikipiki yoyote inayosubiri abiria. Katikati limeliwa hadi likawa bapa. Kandokando, kushoto na kulia, umebaki ukanda wa mpira ambao haujawahi kugusa barabara, na pengine vile vinywele vya kiwandani bado vimesimama. Huo ukanda ni kipimo. Unaonyesha pikipiki hiyo imelazwa kiasi gani kwenye kona tangu tairi lifungwe, na motari, yaani dereva wake, hawezi kubishana nao.

Goma pikipiki huitwa moto, kama Kifaransa kinavyosema. Mgeni wa kutoka Dar es Salaam akisikia mtu amepanda moto atashtuka, hasa akikumbuka kwamba Januari 2002 lava ya volkeno ya Nyiragongo ilishuka hadi katikati ya mji huu.

Kwa nini moto ilale? Kwenye kona, tairi huisukuma pikipiki kuelekea ndani, lakini huisukumia chini kabisa, pale mpira unapokutana na ardhi. Mwili wa dereva na injini viko juu, navyo vinataka kunyoosha mbele. Dereva akibaki wima atapinduka upande wa nje. Basi huilaza pikipiki ndani, uzito uvute huku, msukumo wa tairi uvute kule, mpaka vishikane. Ulalo huo hutegemea mwendo na ukali wa kona. Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 20, kilomita 36 kwa saa hudai ulalo wa digrii 27 hivi. Ongeza mwendo nusu yake, ufike 54, na ulalo unafika digrii 49. Waendeshaji wa mashindano ya MotoGP hupita 60, goti likiburuza lami, lakini wao wana matairi laini yaliyopashwa joto na barabara iliyofagiwa.

Jambo la ajabu ni namna ya kuilaza. Ili pikipiki iliyo kwenye mwendo ielekee kulia, mkono wa kulia husukuma usukani mbele, kana kwamba unataka kwenda kushoto. Gurudumu hutoroka kidogo kushoto, pikipiki inaangukia kulia, na kona imeanza. Wilbur Wright, fundi baiskeli kabla hajawa mtu wa ndege, aliwahi kuwauliza waendesha baiskeli wanafanyaje wakitaka kukata kona, akakuta hawajui kwamba mikono yao huanza kwa kugeuza upande wa pili. Waulize wamotari wa Goma leo. Nadhani utapata majibu yale yale, na wote wanakata kona vizuri tu.

Sasa tufike kwenye chuma. Pikipiki haiwezi kulala bila kikomo, kwa sababu kuna kitu kitagusa chini: kikanyagio cha mguu, ekzosi, stendi, au zile ngao za bomba zilizofungwa kulinda injini. Tuseme ncha ya kikanyagio iko sentimita 30 juu ya ardhi na 35 kutoka mstari wa katikati. Itagusa kwenye digrii 41 hivi. Pakia abiria wawili na gunia la makaa, springi zishuke sentimita 5, na kikanyagio kile kile kitagusa kabla ya 36. Uzito haumo katika hesabu ya ulalo, ila unaingia kwa mlango huu wa nyuma. Na abiria mwenye woga, anayejivuta upande wa nje wa kona kwa kudhani anaisaidia moto isianguke, humlazimisha dereva kuilaza zaidi ili kufidia.

Kwenye pikipiki nyingi kikanyagio kimefungwa kwa bawaba makusudi. Kikigusa hukunjika na kupiga kelele, na dereva amepata onyo. Stendi na ngao hazikunjiki. Zikigusa huwa nguzo, pikipiki inasimama juu yake na tairi linanyanyuliwa kutoka ardhini. Fundi anayechomelea ngao pana ili iokoe injini siku moto itakapoanguka anaweza kuwa ndiye anayeiangusha.

Hata hivyo, katika mitaa mingi ya Goma chuma hakipati nafasi ya kugusa. Lami kavu hushika vizuri: ukichukua mshiko wa sehemu 8 za 10 za uzito, tairi litavumilia hadi digrii 39. Lakini punje za lava juu ya lami hubiringika chini ya tairi. Mshiko ukishuka hadi theluthi moja, tairi linateleza kwenye digrii 18, na kona yetu ya mita 20 inakataa chochote zaidi ya kilomita 29 kwa saa. Ule ukanda wa mpira usioguswa si dalili ya woga hapo. Chukudu, la mbao za mkaratusi na magurudumu yaliyovikwa vipande vya tairi, hushuka kutoka Kibumba na shehena ya kabichi bila kulala sana. Mwenye nalo hukanyaga kipande cha mpira kinachosugua gurudumu la nyuma, akapunguza mwendo kabla kona haijafika. Motari mzee hufanya vivyo hivyo kwa breki.

Kuna jambo moja zaidi ambalo hutokea mpakani tu. Kongo huendesha kulia, kwa hiyo kona kali kuliko zote, ile ya kubana ukingo, ni ya kulia, upande wa ekzosi. Motari anayepitia Rutshuru hadi Bunagana na kuvuka kuingia Uganda anahamia kushoto. Kuanzia hapo kona ya kubana ni ya kushoto, na kwenye pikipiki karibu zote stendi ya pembeni iko huko.