Saini ya Shahidi Asiyekuwapo

Waumini wa Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lile la Minara Miwili pale Shangani mjini Zanzibar, huihesabu kuwa amri ya nane. Wenzao Waanglikana wa Mkunazini huihesabu ya tisa. Hesabu zinapishana, katazo ni lile lile: mtu asitoe ushahidi wa uongo dhidi ya jirani yake. Watoto hufupishiwa wakaambiwa wasiseme uongo, na si vibaya, lakini kwa asili hii ni amri ya mahakamani. Inamhusu mtu aliyesimama mbele ya wazee wanaoamua, ambaye neno lake linaweza kumtoa mwenzake katika shamba lake au katika uhai wake.

Biblia yenyewe ina kesi ya namna hiyo, na ni kesi ya ardhi. Katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 21, mfalme Ahabu anatamani shamba la mizabibu la Nabothi lililopakana na jumba lake la Yezreeli. Nabothi hauzi, ni urithi wa wazee wake. Ndipo Yezebeli, mke wa mfalme, anapowaandikia barua wakubwa wa mji. Wanatafutwa watu wawili washuhudie kwamba Nabothi amemlaani Mungu na mfalme, naye anapigwa mawe mpaka kufa. Tazama idadi hiyo. Torati ilitaka mashahidi wawili au watatu ndipo mtu ahukumiwe kifo, na sharti likatimizwa. Kikao kilikaa, wazee walikuwapo, ushahidi ulisikilizwa. Kwa utaratibu hukumu ile haikuwa na dosari, na ndiyo maana inatisha.

Naileta kesi hiyo Kendwa kwa makusudi. Kijiji hiki, jirani na Nungwi kaskazini mwa Unguja, kiko juu ya ardhi ya mawe isiyompa mkulima mengi. Lakini bahari yake haikimbii mbali maji yakitoka, kama inavyofanya pwani ya mashariki. Mtu huogelea saa yoyote. Utalii ulipofunguliwa milango, hasa baada ya Sheria ya Uwekezaji ya 1986, mchanga ambao wavuvi walikuwa wakivutia ngalawa ukapata wanaoutaka kutoka ng'ambo.

Ardhi ya Zanzibar ilifanywa mali ya umma baada ya Mapinduzi ya 1964, na Sheria ya Ardhi Namba 12 ya 1992 humpa mtu haki ya kuitumia. Je, haki hiyo inajulikanaje kuwa ni ya nani? Hapo ndipo penye uzito wote. Vijijini mengi hayakuandikwa. Kiambo ni cha ukoo, si cha mtu mmoja kukiuza apendavyo. Mtafiti John Middleton alikwisha kuyaeleza haya mwaka 1961. Minazi yaweza kuwa ya huyu na ardhi chini yake ya yule. Mpaka ni mnazi alioupanda babu, au kaburi, au kisima kilichofukiwa. Ugomvi ukifika kwa sheha, au Mahakama ya Ardhi iliyowekwa kwa sheria ya 1994, sehemu kubwa ya ushahidi imo vichwani mwa watu. Mashahidi wakiharibika, hakuna daftari la kukimbilia.

Wa kuhofiwa zaidi, kwa maoni yangu, si yule wa kununuliwa kama wa Yezebeli. Ni mtu mwema anayeombwa msaada wa kindugu. Ami anakuja jioni na karatasi ya mauziano, ya kurasa mbili, mahali pa shahidi pako wazi.

"Mwanangu, nitilie saini tu hapo."

"Ami, mimi sikuwapo mlipouziana."

"Aa, jambo dogo hilo. Kwani huniamini?"

Kijana anatia saini kwa kumstahi ami yake. Sasa karatasi inasema aliona fedha zikihesabiwa na wenye haki wakiridhia, wakati hajui hata kama shangazi zake waliulizwa. Shangazi hao ndio jirani anayelindwa na amri. Miaka mitano baadaye, ukuta wa hoteli ukianza kupanda, wataoneshwa saini ya mtoto wa ndugu yao.

Kuna na uongo wa kunyamaza. Anayeujua mpaka lakini husema, "Mimi simo." Kitabu cha Walawi, sura ya 5, kinamtia hatiani shahidi ajuaye akakaa kimya. Msimamo wa Kurani ni huo huo: Suratul-Baqara, aya ya 282 na 283, inaelekeza deni liandikwe mbele ya mashahidi, kisha inakataza kuficha ushahidi. Kwa hiyo mzee wa Kendwa na padri wa Shangani hawana la kubishana hapa. Wanaodhulumiwa hatimaye humwendea mwalimu wakaomba isomwe halbadiri, kisomo cha kumwapiza mdhalimu. Mimi nakuona huko kuwa ni kukata tamaa na watu, na nawaelewa.

Sheria nayo ina kauli. Kwa mfano, Tanzania Bara, kifungu cha 104 cha Kanuni ya Adhabu kinafikisha adhabu ya ushahidi wa uongo kifungo cha miaka saba. Lakini kuthibitisha kwamba shahidi alijua anachosema si kweli ni kazi nzito, na mara nyingi nyumba imekwisha kujengwa. Aliyetia saini jambo asiloliona bado ana la kufanya: amwambie sheha na wale shangazi kwamba hakuwapo, kabla shauri halijaamuliwa, hata ami akikasirika.