Kabla ya kununua antivairasi, piga hesabu ya daftari lako

WAFANYABIASHARA wengi wa jumla na rejareja sasa hutunza hesabu zao kwenye kompyuta: mali iliyomo stoo, madeni ya wateja, ankara za mawakala na ritani za kodi. Mali hiyo haishikiki, lakini thamani yake inaweza kuzidi ile iliyo kwenye rafu. Mwenye duka akiibiwa mifuko kumi ya saruji anajua amepoteza kiasi gani. Akipoteza orodha ya wadaiwa wake, hajui hata amdai nani.

Kwa sababu hiyo, kuchagua antivairasi, yaani programu ya kuzuia virusi vya kompyuta, ni suala la biashara kabla halijawa la fundi. Mteja akifika dukani huuliza ipi ni nzuri, na muuzaji ana kila sababu ya kumwonyesha ile yenye faida kubwa kwake. Maswali yenye manufaa ni mengine: unalinda kitu cha thamani gani, utalipa kiasi gani mwaka wa pili, na ulinzi huo utaendelea hadi lini.

Kinachouzwa ni huduma

Mwaka 1986 kirusi kiitwacho Brain, kilichoandikwa na ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, kilienea nchi nyingi kwa disketi. Siku hizo virusi vilisafiri kwa kasi ya mtu aliyebeba disketi mfukoni. Leo vipya hutolewa kila siku na husafiri kwa intaneti na barua pepe. Programu isiyopata masasisho ni sawa na mlinzi anayetumia picha za wezi wa mwaka jana.

Kwa hiyo anayelipia leseni hanunui programu tu, bali pia huduma ya kuletewa taarifa mpya kila siku. Leseni ikiisha, huduma hiyo hukatika, hata kama alama ya programu bado inaonekana kwenye skrini.

Hapo ndipo penye hasara ya nakala zilizochakachuliwa. Mara nyingi anayekuwekea nakala ya namna hiyo hukuomba kwanza uzime ulinzi uliopo. Ni kama kumfukuza mlinzi usiku ili kumpisha fundi wa kufuli usiyemjua. Cha rahisi ghali.

Ya bure inatosha?

Kwa mwenye kompyuta moja au mbili, jibu mara nyingi ni ndiyo. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, Microsoft imekuwa ikiweka antivairasi yake ndani ya Windows, nayo leo huitwa Microsoft Defender. Haihitaji leseni ya ziada. Maabara ya AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, hupima programu hizi kwa mambo matatu: ulinzi, kasi na urahisi wa matumizi, kila moja likiwa na alama 6. Katika miaka ya karibuni Defender imekuwa ikipata alama za juu pamoja na zile za kulipia.

Ikumbukwe kwamba ukiweka antivairasi nyingine, kwa kawaida Defender hujiweka pembeni. Ukinunua dhaifu, umemwondoa mlinzi mzuri na kumlipa mbaya. Kuweka mbili zifanye kazi kwa pamoja nako hakufai, kwani hugongana na kuifanya kompyuta iwe nzito.

Programu za bure za makampuni mengine zichunguzwe kwanza, maana kampuni lazima ile mahali fulani. Mwaka 2024 tume ya biashara ya serikali ya Marekani, FTC, iliitaka Avast ilipe dola milioni 16.5 kwa madai kwamba taarifa za tovuti walizotembelea wateja wake ziliuzwa kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot, iliyofungwa mwaka 2020.

Ya kulipia

Mwenye kompyuta nyingi na wafanyakazi kadhaa ana sababu ya kulipa, hasa akitaka kusimamia mashine zote kutoka sehemu moja na kupata msaada wa haraka zinapopata tatizo. Hapo soko lina majina mengi kuliko wenye mali. Norton, Avast, AVG na Avira zote ziko chini ya Gen Digital ya Marekani. Bitdefender ni ya Romania na ESET ni ya Slovakia.

Asili ya kampuni nayo ina uzito. Mwaka 2024 serikali ya Marekani ilipiga marufuku Kaspersky ya Urusi kuuza programu zake kwa wateja wapya nchini humo kuanzia Julai, na kuwapelekea masasisho wateja wa zamani kuanzia mwishoni mwa Septemba. Mteja alikuwa amelipa, lakini siasa ikakata huduma.

Aidha, bei ya tangazo mara nyingi ni ya mwaka wa kwanza tu. Tuseme, kwa mfano wa hesabu, leseni inauzwa Sh. 30,000 na kuihuisha ni Sh. 70,000. Kwa miaka mitatu utalipa Sh. 170,000, wala si 90,000. Uliza bei ya kuhuisha kabla ya kutoa fedha, na uangalie kama kadi yako itakatwa moja kwa moja mwaka ukiisha.

Funzo la Maersk

Hata hivyo, hakuna antivairasi inayozuia kila kitu. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi cha NotPetya kilianza kuenea kupitia masasisho ya M.E.Doc, programu ya uhasibu inayotumika Ukraine. Miongoni mwa walioumia ni Maersk ya Denmark, ambayo makontena yake hushushwa pia Mombasa na Dar es Salaam. Kampuni ilikadiria hasara ya kati ya dola milioni 200 na 300. Kwa mujibu wa mwenyekiti wake wa wakati huo, ilibidi seva 4,000 na kompyuta 45,000 ziwekwe programu upya kwa siku kumi.

Kilichoharakisha kazi hiyo ni nakala moja ya taarifa muhimu za mtandao wake, iliyopatikana katika ofisi ya Ghana. Ilisalimika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na mashine haikuwa mtandaoni. Maersk iliokolewa na bahati. Mfanyabiashara mdogo anaweza kupata kinga hiyo hiyo kwa kununua diski ya nje na kuichomoa kila akimaliza kunakili.

Mwezi mmoja kabla, tarehe 12 Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili katika nchi zaidi ya 150 na kudai dola 300 kwa kila kompyuta. Dawa ya tundu kilichopitia ilikuwa imetolewa na Microsoft tangu Machi. Wengi walioumia hawakuwa wameiweka.

Ushauri wa wiki hii

Kwanza, kadiria hasara ya kukaa siku tatu bila hesabu zako. Kiasi hicho ndicho cha kulinganisha na bei ya leseni.

Pili, hakikisha Windows yenyewe bado inapata masasisho. Ya Windows 7 yalikoma Januari 2020. Ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025 kwa wasiojiandikisha katika mpango wa nyongeza.

Tatu, tenga flashi ya kwenda kuchapisha steshenari, na isibebe kitu kingine. Ikirudi na mafaili yamegeuka vijipicha vyenye mshale mdogo, usivibonyeze. Ikague kwanza kwa antivairasi.

Nne, kila Ijumaa kabla ya kufunga duka, nakili daftari la madeni na la stoo kwenye diski ya nje, ichomoe, uende nayo nyumbani. Mara moja kwa mwezi jaribu kuyafungua mafaili hayo kwenye kompyuta nyingine. Nakala isiyofunguka haitakusaidia kumdai mtu.