Usisubiri Redio: Jinsi ya Kuwahi Matukio ya Mvinyo na Pombe za Asili Ukiwa Kyela



Miaka miwili iliyopita niliongozana na kikundi cha vijana watano wa upande wa Ipinda kwenda Nane Nane Mbeya. Walikuwa na mvinyo wa nanasi, chupa 24. Habari za maonesho tulizipata tarehe 3 Agosti, tena kwa kusikia redioni. Kwa haraka wakajaza kwenye chupa mvinyo ambao ulikuwa haujamaliza kuchacha. Kosa hilo ni langu pia, maana niliuonja, nikaona bado mtamu, nikasema twendeni. Utamu ule ulikuwa ni sukari ambayo hamira ilikuwa inaendelea kuila na kutoa gesi.

Coaster ilipoanza kupanda kuelekea Tukuyu, vizibo vikaanza kuruka kimoja kimoja. Abiria wakadhani tairi limepasuka. Tulifika uwanjani na chupa saba, nguo zote zinanuka kilabu.

Hata hivyo, siku hiyohiyo alipita baba mmoja mwenye hoteli. Akaonja, akaupenda. Akauliza maswali matatu tu: Mnaweza kunipa chupa 60 kila mwezi? Mna alama ya TBS? Nanasi likiisha msimu mtafanyaje? Hatukuwa na jibu hata moja. Akatushukuru vizuri, akaenda banda la pili. Wawili kati ya wale vijana wameshaacha kabisa mambo ya usindikaji.

Mvinyo wao haukuwa mbaya, ila muda uliwaponyoka. Mtu aliyejua tarehe tangu Mei angekuwa na mvinyo uliotulia, lebo, hesabu ya bei na majibu ya maswali yale. Kwa hiyo leo naandika jinsi ya kuyapata matukio haya mapema, na cha kufanya ukifika. Simhamasishi mtu kunywa. Mimi nazungumzia soko la ndizi, nanasi na ulezi wako.

Anza na kilabu cha jirani

Huku kwetu hakuna kiwanda cha mvinyo chenye kibao barabarani kinachokaribisha wageni. Lakini pombe ya mikono tunayo tangu zamani. Kimpumu cha ulezi, kile kinachonywewa kwa mirija, kinamtegemea mama anayejua kuotesha ulezi, kuuanika na kuupika kwa siku kadhaa. Ukitafuta mtaalamu wa kuchachusha karibu na wewe, ni huyo.

Matukio yake hayaandikwi popote. Yako kwenye harusi, kwenye ngoma baada ya mavuno, na kwenye zamu za wapishi kilabuni. Nenda asubuhi kabla wateja hawajajaa, msalimie mama kwa heshima, kisha muulize mambo ya mkulima: ulezi ananunua wapi, kwa debe bei gani, miezi gani unaadimika, na anaukataa ulezi wa namna gani. Majibu hayo ni utafiti wa soko, na hayakugharimu kitu zaidi ya adabu. Kijana mmoja wa huku alijua kwa njia hiyo kwamba ulezi wenye mchanga ndio unaowakera wapishi. Siku hizi anapepeta na kuchekecha wake vizuri, na wanamfuata nyumbani.

Angalizo: gongo ni marufuku kisheria na inaua. Usiingie huko hata kama utaambiwa ina hela ya haraka.

Kalenda ya kuibandika ukutani

Maonesho makubwa mawili hayabadiliki mwezi. Sabasaba hufanyika Dar es Salaam, uwanja wa Mwalimu Nyerere barabara ya Kilwa, na kilele chake ni tarehe 7 Julai. Nane Nane ya kanda yetu ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya, uwanja wa John Mwakangale, na kilele ni tarehe 8 Agosti. Kote huko utakuta wasindikaji wa vinywaji pamoja na wauza mashine na vifungashio.

Sasa hesabu kurudi nyuma. Banda la halmashauri hujazwa mapema, na wanaopelekwa ni wale ambao majina yao tayari yapo mezani. Ukienda kuuliza Julai mwishoni, utaambiwa nafasi zimejaa, na hawatakuwa wamekuonea. Nenda Aprili au Mei. Fika kwa afisa kilimo wa kata yako, afisa biashara na afisa maendeleo ya jamii, acha jina la kikundi na namba ya simu, halafu rudi tena baada ya wiki mbili. Hapo kwenye kurudi ndipo wengi wanapokosea.

Pita pia SIDO mkoani Mbeya. Wao hutoa mafunzo ya usindikaji na huandaa maonesho ya wajasiriamali, na ndiyo njia ya kawaida ya mjasiriamali mdogo kuanza safari ya kwenda TBS. Tangu mwaka 2019 masuala ya usalama wa chakula yako chini ya TBS, hivyo usipoteze nauli kufuata utaratibu wa zamani wa TFDA. Leseni ya vileo ni suala la halmashauri. Na kumbuka, pombe ya kwenye viroba ilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, kwa hiyo mtu akikushauri ufungashe kwenye vipakiti vya plastiki ili uuze rahisi, mkimbie.

Ukipata nafasi ya kwenda Dodoma

Kwa hapa Tanzania, mvinyo wa zabibu makao yake ni Dodoma. Kule kuna viwanda vikubwa na vidogo, na kuna kituo cha utafiti cha TARI Makutupora kinachoshughulika na zabibu. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Wakati wa kutembelea ni wa mavuno, maana ukienda mashine zimelala utaoneshwa mapipa tu. Piga simu kwanza, uliza wanavuna lini na kama wanapokea wageni, na mwende kama kikundi chenye barua ya utambulisho. Maonesho ya Nane Nane ya uwanja wa Nzuguni pia yako mjini humo humo, unaweza kuunganisha safari.

Ila tafadhali, usirudi na vipando vya mizabibu kwenye begi. Dodoma ni kukavu. Sehemu kubwa ya Kyela inapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mzabibu kwenye unyevu huo utaliwa na ukungu kabla hujaona shada. Kajifunze biashara yao, kisha uje uitumie kwenye ndizi na nanasi. Banana Investments ya Arusha imejenga soko la mvinyo wa ndizi, na ndizi sisi tunazo.

Jifunze pia machungu yao. Wakulima wa zabibu wamewahi kuoza na mazao shambani kwa kukosa mnunuzi, kwa sababu tunda bivu halisubiri. Ndiyo maana usipande ekari ya nanasi kwa ahadi ya mdomo uliyopewa kwenye banda.

Maswali ya kubeba

Ukikutana na msindikaji, usiishie kuonja na kupiga picha. Uliza haya:

1. Mnanunua tunda zima, juisi au rojo? Kwa kilo au kwa tenga?
2. Mnataka sukari kiasi gani kwenye juisi? Hili ni la msingi. Kwa makadirio, gramu 17 za sukari kwenye lita moja hutoa asilimia 1 ya kilevi. Nanasi lililoiva vizuri huwa na sukari ya kutosha kufika asilimia 6 au 7 hivi, lakini lililochumwa bichi halifiki. Msindikaji anapolikataa nanasi lako bichi, sababu ni hiyo.
3. Miezi gani mna upungufu wa malighafi?
4. Mnalipa siku ngapi baada ya kupokea mzigo? Tunaandikiana?

Kwa wenye kakao, kuna swali la tano. Yale maji matamu yanayochuruzika mnapovundika kakao, nchi kama Ghana na Brazil wanayatengenezea vinywaji. Uliza kama kuna anayeyahitaji. Lakini usikamue kupita kiasi, kwa sababu utamu huohuo ndio unaozipa mbegu joto la kuvunda vizuri. Usije ukauza maji ukaharibu kakao yako ya mnadani.

Jambo la kufanya wiki hii

Chukua daftari, andika tarehe 7 Julai na 8 Agosti. Rudi nyuma miezi mitatu kwa kila moja na uandike "nenda halmashauri". Kama mnatengeneza mvinyo, acheni umalize kuchacha: mapovu yakome kabisa, utulie, uwe mwangavu, ndipo ujazwe kwenye chupa. Jaribuni chupa mbili tatu kwa kuziacha sehemu yenye joto wiki nzima kabla ya kusafirisha.

Mwaka huu wale watatu waliobaki nimewapeleka kuandikisha majina mwezi Aprili. Mvinyo wao umeshatulia na chupa za majaribio hazijaruka. Hesabu ya chupa 60 kwa mwezi wanayo, na nanasi likiisha watahamia ndizi. Alama ya TBS bado wanaifuatilia. Yule baba wa hoteli sijui kama atapita tena, lakini akipita, maswali mawili kati ya matatu yatajibiwa.

Tukutane shambani.