Mikataba ya Wawekezaji Yatuhusu Nini?



Katika ukaguzi wa vyama vya wakulima wa mwani, kusini Unguja, nimeulizwa mara kwa mara: mkataba baina ya Serikali na nchi ya kigeni waweza vipi kuigusa njia yetu ya kwendea pwani? Swali hilo ni la haki.

Tanzania na Uingereza zilitia saini mkataba wa kulinda vitega uchumi mwaka 1994. Kila dola iliahidi kutotaifisha mali ya raia wa mwenziwe bila fidia, na kumtendea kwa uadilifu. La ajabu ni kwamba mwekezaji, ambaye hakutia saini, aweza kuishitaki Serikali mbele ya wasuluhishi wa kimataifa.

Ndivyo ilivyokuwa katika shauri la maji ya Dar es Salaam. Kampuni ya City Water ilikabidhiwa kazi hiyo mwaka 2003 kwa miaka 10. Huduma haikuridhisha, mwaka 2005 Serikali ilivunja mkataba, ikashika ofisi na kuwatoa mameneja nchini. Biwater Gauff, mwenye hisa nyingi, akashitaki. Julai 2008 wasuluhishi waliamua kuwa Serikali ilikiuka ahadi zake, lakini hawakuiamuru ilipe fidia, maana haikuthibitika kwamba vitendo vile ndivyo vilivyoleta hasara.

Mashirika matano ya kiraia, matatu yakiwa ya Tanzania, yaliomba kusikilizwa juu ya haki ya maji na maendeleo endelevu. Yaliruhusiwa kuleta maandishi tu, kikaoni hayakuingia. Ikiwa hao wenye mawakili walibaki mlangoni, chama chetu cha msingi kitakaa wapi?

Kwetu, mambo ya nje ni ya Muungano, na ardhi ni ya Zanzibar. Kwa hiyo ahadi hutolewa pamoja, na ardhi hukodishwa pengine. Wakati wetu wa kusema ni kabla ya kukodisha. Chama kimoja kiliridhika na ahadi ya mdomo ya meneja wa hoteli kuhusu njia ya mashamba ya mwani. Meneja akahama, aliyemfuata akajenga ukuta. Katika daftari la mikutano sikukuta hata mstari mmoja.

Basi Katibu aandike azimio la mkutano, alipeleke kwa Sheha, na aombe njia na mashamba viwe sharti ndani ya hati ya ukodishaji. Mwekezaji aliyekubali sharti tangu mwanzo ni vigumu adai baadaye kwamba amegeuziwa. Nakala ibaki katika jalada la chama. Nikija kukagua nitaiulizia.