Rada Huona Maji, Haiyaonji

Wahenga walinena kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Walimkusudia mwenye hila, lakini methali hiyo yamfaa pia anayechimba ardhi asiyoijua. Hapa Kamenu, mjini Thika, nyumba za kupangisha zaongezeka kila uchao, na haja ya maji nayo yaongezeka. Kisima kirefu hugharimu fedha nyingi, na kikitoka kikavu fedha hizo hazirudi. Si ajabu basi mwanafunzi akiuliza: Je, hakuna chombo cha kutazamia chini kabla ya kuchimba?

Chombo kipo, nacho ni rada ya kupenya ardhi. Hukokotwa juu ya udongo huku ikipeleka mawimbi ya redio chini na kupokea mwangwi wake. Siri yake imo katika mwendo. Hewani wimbi husafiri sentimita 30 hivi katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Ndani ya maji mwendo huo hushuka hadi takriban sehemu moja kwa tisa. Kwa hiyo, kadiri udongo unavyolowa ndivyo mwangwi unavyochelewa, na kuchelewa huko hupimika. Mnamo 1980 watafiti Topp, Davis na Annan walichapisha mlinganyo wa kukadiria maji yaliyomo udongoni kwa njia hiyo, nao ungali unatumika.

Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba rada hii ni dawa ya kila ugonjwa. Mchanga mkavu huyaachia mawimbi kupenya makumi ya mita, ilhali mfinyanzi huyameza. Udongo mwekundu wa Thika, uliotokana na mawe ya volkano, una mfinyanzi mwingi. Seuze ule mweusi unaonata wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi! Humo rada aghalabu haipiti mita chache, na maji ya visima virefu yamo mbali chini ya hapo, baina ya matabaka ya mawe. Ndiyo maana wapimaji wa visima hupendelea kupitisha umeme ardhini na kupima ukinzani wake. Faida ya rada kwetu ni kwingine: kutambua unyevu uliopo kwenye mizizi ya mahindi na mikahawa, ili mkulima ajue lini anyunyize maji na lini ayaweke akiba.

Aidha, kuona si kuonja. Mnamo Septemba 2013 serikali ya Kenya na UNESCO zilitangaza kwamba hazina kubwa ya maji imegunduliwa chini ya ardhi ya Turkana. Iliyotumika huko ilikuwa rada ya namna nyingine, ile ya setilaiti, pamoja na ramani za miamba. Nchi nzima ilishangilia. Lakini maji ya Lotikipi yalipochunguzwa baadaye, yalionekana kuwa na chumvi nyingi mno kwa kunywa. Nasi tulio katika nyanda za volkano tuna adui wetu, floridi, ambayo ikizidi katika maji ya kisima huyatia meno ya watoto madoa. Hiyo nayo haionekani kwa rada, yataka maabara.

Rai yangu kwa walimu ni hii: tusingoje mashine ya bei ghali ndipo tufundishe elimu ya maji. Mwanafunzi na achukue udongo wa shambani, aupime kwa mizani, aukaushe kwa moto wa wastani, kisha aupime tena. Upungufu wa uzito ndio maji yaliyokuwamo. Arudie zoezi hilo kabla na baada ya mvua, juu na chini ya mteremko, na kuandika tarakimu zake daftarini. Hata wataalamu huisahihisha rada yao kwa kipimo kama hicho. Atakayezoea kuuhoji udongo hivyo leo, kesho akikabidhiwa rada atajua la kuiuliza, na pia lile isiloweza kumjibu.